Altaneta ya Corolla 110: kaboni mpya, beringi mpya, shaba ileile

Jumamosi asubuhi, boneti wazi

Gari ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A-FE. Altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, ni Denso, kibandiko chake kinasema volti 12, ampea 70, na soketi yake ina waya tatu. Dalili zimekuja taratibu: taa ya chaji inawaka kwa mbali gari ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), ukipiga resi inazimika. Usiku, taa kubwa na waipa zikiwa zimewashwa pamoja, inarudi hata gari likiwa kwenye mwendo. Pia upande wa mkanda kuna mlio wa kusaga, ambao unapanda na resi.

Fundi wa mtaani alisikiliza dakika moja akasema, "Bosi, hiyo imekwisha. Tafuta nyingine." Nyingine maana yake ni mtumba wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, na bei niliyotajiwa kwa simu ni Sh 150,000. Sikukataa kwa sababu ya hela tu. Altaneta ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule na hili langu. Kaboni zake (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeliwa kiasi gani, beringi zake zimebakiza nini, muuzaji hajui na mimi sijui. Ningelipa laki na nusu kununua uchakavu wa mtu mwingine.

Kwa hiyo asubuhi hii ni kupima tu, hakuna kufungua kitu.

Injini ikiwa imezimwa, betri inasoma volti 12.3. Haijajaa (iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6), lakini si mbovu. Nikawasha. Sailensa: 12.9. Resi ya kama mizunguko 2,000: 13.4. Nikawasha taa kubwa, feni ya ndani na waipa: 12.4. Altaneta nzima ingekaa kwenye 13.8 hadi 14.5 hapo, au ishuke kidogo tu. Kwa hiyo inatoa umeme, ila hautoshi.

Kabla ya kuishutumu, nimekagua vinavyoizunguka. Mkanda hauna nyufa, haung'ai upande wa ndani, na nikiubonyeza kwa kidole gumba katikati unazama kama sentimita moja. Vichwa vya betri nimevisugua hadi vikang'aa. Kisha kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka: mzigo ukiwa umewashwa na injini inazunguka, waya mmoja wa multimita (kipimo cha umeme) kwenye nguzo kubwa ya altaneta, mwingine kwenye chanya ya betri. Inasoma volti 0.1. Halafu bodi ya altaneta kwa hasi ya betri: chini ya hapo. Waya hazili umeme njiani, tatizo limo ndani ya altaneta yenyewe.

Vipimo viwili vya mwisho ndivyo vilivyoniambia la kufanya. Cha kwanza: swichi ikiwa imewashwa bila injini kuzunguka, rota (sehemu ya ndani inayozunguka) inapaswa kuwa sumaku. Nimesogeza bisibisi kwenye nati ya puli, ikavutwa kidogo sana, nusura isivutwe. Cha pili: injini ikiwa sailensa, nikagonga mgongo wa altaneta polepole kwa mpini wa mbao wa nyundo. Volti zikaruka kutoka 12.9 hadi 14.1, zikakaa kwa muda, zikashuka tena.

Hapo ndipo nilipofurahi kweli. Volti 14.1 maana yake stata (waya wa shaba usiozunguka) inazalisha, daiodi (zinazoruhusu umeme upande mmoja tu) zinapitisha, na regyuleta (kidhibiti cha volti, mafundi wengi huiita katauti) inajua mahali pa kusimama. Kinachokosekana ni mguso. Kaboni zimekuwa fupi kiasi kwamba springi hazizisukumi tena vizuri kwenye pete za shaba.

Kwa nini kaboni ndogo inaangusha mashine nzima

Naandika hili kwa sababu watu wengi wanaamini umeme wote wa gari unapita kwenye kaboni. Ndivyo ilivyokuwa kwenye dainamo za magari ya zamani. Kwenye altaneta, umeme mkubwa unatoka kwenye stata, ambayo haizunguki, na hauguswi na kaboni. Kaboni zinapeleka umeme mdogo tu kwenye waya wa rota ili iwe sumaku. Rota kama hii ina ukinzani wa karibu omu 3. Ukigawa volti 12 kwa 3 unapata ampea 4. Hizo ampea 4 ndizo zinazoamsha ampea 70.

Sasa chukua kaboni iliyochoka, inayogusa kwa kubahatisha, ongeza omu 3 nyingine pale kwenye mguso. Ampea 4 zinakuwa 2. Sumaku inafifia, na uwezo wa altaneta yote unafifia nayo. Kitu cha shilingi elfu chache kinafanya shaba ya maelfu mengi ionekane imekufa. Altaneta nyingi zinazotupwa kwenye lundo la vyuma chakavu zina rota nzima na stata nzima ndani yake, na hilo linaniuma kila nikipita karibu na hayo malundo.

Jumamosi mchana, kuishusha

Waya wa hasi wa betri unatoka kwanza, hapa hakuna mjadala. Ule waya mnene wa nyuma ya altaneta umeunganishwa na betri muda wote, swichi iwe imezimwa au la. Spana ikigusa nguzo ile na bodi kwa pamoja, cheche zake zinaweza kukuunguza mkono na kuyeyusha fyuzi kubwa.

Nimelegeza bolti ya chini inayobeba, kisha ile ya kufungia, kisha ile ndefu ya kurekebisha mkazo, mkanda ukatoka. Kabla ya kuitoa altaneta nikazungusha puli kwa mkono. Inakwaruza kama kuna mchanga ndani, na nikiitikisa juu-chini inacheza kidogo. Beringi, hasa ya mbele. Kwa hiyo kazi ni mbili: kaboni na beringi.

Ingekuwa kaboni peke yake, kazi ingeisha leo. Kwenye Denso ya aina hii pete za shaba zimechomoza nje ya fremu ya nyuma, na kishikio cha kaboni kinafunguliwa kwa nyuma bila kupasua altaneta. Ni ubunifu mzuri sana kwa anayetengeneza nyumbani. Lakini beringi zinadai igawanywe sehemu mbili.

Nati ya puli imekazwa vibaya na rota inazunguka nayo. Njia ya nyumbani ni kuzungushia mkanda wa zamani kwenye puli, kuibana kwenye jiliwa na kuvuta kwa spana ndefu. Mimi nimeipeleka kwa kijana wa matairi pale barabarani mwenye bunduki ya upepo. "Kaka, nipigie hii nati, uilegeze tu, usiitoe." Sekunde mbili, Sh 2,000. Nikaomba pia upepo wa kupuliza vumbi jeusi la kaboni, huku nimeishika rota isizunguke.

Jumapili, kila kitu mezani

Gazeti limetandazwa, vifuniko vya chupa vya kuwekea skrubu viko tayari, picha zinapigwa kwa simu kila hatua. Nimechora mstari wa rangi kuvuka fremu mbili ili zirudi zilivyokuwa.

Kava jeusi la nyuma lina nati tatu, pamoja na ile ya nguzo kubwa yenye kihami chake cha plastiki. Kihami hicho kiwekeni mahali pasipopotea. Kisiporudi, nguzo itagusa kava la chuma na utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Kishikio cha kaboni kina skrubu mbili, regyuleta tatu.

Kaboni zilipotoka, habari yote ilikuwa wazi. Kwa Toyota, kaboni mpya huchomoza milimita 10.5 nje ya kishikio, na kikomo cha kutumika ni 1.5. Moja yangu imebaki 2, nyingine kama 1, tena imeliwa mshazari.

Pete za shaba nimezipima kwa venia, kipimo cha milimita chenye taya. Zikiwa mpya huwa na kipenyo cha milimita 14.2 hadi 14.4, zikifika 12.8 hazifai tena. Zangu: 14.0 na 13.8. Zina mfereji mdogo na weusi, lakini nyama ipo. Hazihitaji kupelekwa kwa fundi wa kukereza.

Kisha rota. Kwanza nikagusanisha waya za multimita zenyewe kwa zenyewe: zinasoma omu 0.4. Multimita za bei rahisi ziko hivyo, na usipotoa hiyo namba utadhani rota ina ukinzani kuliko ilivyo. Pete kwa pete: 3.3. Toa 0.4, inabaki 2.9, katikati kabisa ya kiwango cha 2.7 hadi 3.1. Pete kwa mhimili wa chuma: hakuna mawasiliano. Rota nzima.

Daiodi zimepangwa kwenye bamba moja lenye skrubu nne zinazokamata ncha za stata. Hazijalehemiwa, na hii tena ni neema. Multimita ikiwa kwenye alama ya daiodi, kila moja inapaswa kusoma karibu 0.5 upande mmoja na kukataa upande wa pili. Zote nane zimesoma hivyo. Nilitarajia, kwa sababu redio haikuwa na ule mlio mwembamba unaopanda na resi, na taa hazikuwa zikipepesa. Ncha za stata zinawasiliana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna hata moja inayowasiliana na fremu.

Hivyo shaba yote iko salama. Kilichokufa ni kaboni na beringi, vitu vilivyotengenezwa ili vife badala ya vingine.

Fremu ya nyuma imegoma kidogo kuachana na beringi. Nimeigonga kwa zamu kila upande na kipande cha mbao. Nimeangalia vile vipira vinne vya kuhami kwenye ncha za stata visianguke. Namba kwenye beringi ya mbele ni 6303: tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 47, unene 14. Ya nyuma ni ndogo, namba yake nimeiandika.

Gerezani

Nimekwenda na kaboni za zamani kwenye mfuko, kishikio chake, na namba za beringi zote mbili. Duka la kwanza waliniambia, "Chukua nzima tu bosi, hivi vidude vinakusumbua nini?" Nikasogea hadi kwa mzee mmoja anayefunga waya za mota na altaneta tangu enzi, kibanda kimejaa rota zilizoning'inia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Lete nione." Akaishika kishikio, akatazama, akatoa kopo la kaboni za kila saizi. Alichukua jozi mbili zinazolingana kwa macho, akazisugua moja moja kwenye kipande cha karatasi. Moja iliacha mstari mweusi laini, nyingine ikakwaruza. "Hii ngumu itadumu," akasema, "lakini itakula pete. Kaboni ni elfu nne, pete je?"

Nimechukua laini. Jozi Sh 4,000, mkia wa shaba ni mrefu na umesokotwa vizuri.

Kwenye beringi sikubana matumizi. Zipo 6303 za Sh 6,000 zenye maandishi yanayofutika kwa kidole. Altaneta inazunguka zaidi ya mara mbili ya injini, kwa sababu puli yake ni ndogo kuliko ya injini. Injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, beringi hizi zimeshapita 6,000, tena kwenye joto. Nimenunua yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, namba imechongwa kwenye chuma, inazunguka bila sauti: Sh 15,000. Ya nyuma Sh 10,000. Ukitaka kuokoa hela, okoa kwa kutonunua kisichokufa, si kwa kununua beringi dhaifu.

Jumatatu jioni, kulehemu

Hapa ndipo kazi ya nyumbani nyingi inapoharibika, kwa hiyo nilikwenda polepole.

Mkia wa kaboni unapita katikati ya springi, unatokea kwenye tundu la kishikio, na unashikwa kwa risasi ya kulehemia. Nimeyeyusha risasi ya zamani, nikavuta mikia ya zamani, nikasafisha matundu. Kaboni mpya ikaingizwa na springi yake, ikavutwa hadi ikachomoza milimita 10.5 kwa rula, kisha ikalehemiwa. Jambo la kuchunga ni risasi kupanda kwenye mkia. Ule uzi wa shaba uliosokotwa unanyonya risasi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na ukishanyonya unakuwa mgumu kama msumari. Kaboni haitashuka tena inapoliwa. Utarudi kwenye ugonjwa uleule ukiwa na kaboni mpya. Dawa yake ni kuubana mkia kwa koleo lenye ncha nyembamba, karibu kabisa na sehemu ya kulehemu. Koleo linanyonya joto na risasi inaishia hapo.

Zilipopoa nimezibonyeza kwa kidole. Zinaingia hadi ndani na kurudi zenyewe bila kukwama. Multimita inathibitisha mawasiliano kutoka kaboni hadi bamba la mguso, na kaboni mbili haziwasiliani.

Pete nimezisugua kwa utepe wa msasa namba 400, kisha 1,000, huku rota ikizungushwa muda wote. Ukisugua sehemu moja unatengeneza bapa, na kaboni zitaruka juu yake. Mfereji ulio katikati ya pete mbili nimeusafisha kwa kijiti mpaka vumbi la shaba likaisha, maana vumbi hilo likibaki linaunganisha pete.

Jumatano, beringi

Pula, kifaa cha kuvutia beringi, nimeazima kwa jirani. Beringi ya nyuma inatoka kwa kupita juu ya pete za shaba, kwa hiyo nimezifunga pete kwa tabaka kadhaa za karatasi ngumu kwanza. Kuna vifuniko viwili vidogo, cha nje na cha ndani, na mpangilio wake umo kwenye picha za simu. Kurudisha mpya nimetumia kipande cha bomba kinachopita juu ya pete na kukaa kwenye ringi ya ndani ya beringi.

Kanuni hii ni ya kushika kwa nguvu zote: beringi inayokaa kwenye mhimili, sukuma ringi ya ndani, inayoingia kwenye fremu, sukuma ringi ya nje. Ukisukuma ringi isiyohusika, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba vishimo, na beringi mpya inaanza kulia kabla haijafika barabarani.

Ya mbele imeshikiliwa na bamba lenye skrubu nne. Bisibisi ya kawaida ingezila vichwa, nimetumia ya kugonga. Kiti cha beringi nimekipangusa hadi chuma kikaonekana, beringi ikaingia kwa soketi kubwa inayolingana na ringi ya nje.

Kufunga kumekwenda kwa mpangilio wa picha, kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza. Rota inazunguka kwa kidole, kimya. Kaboni zimesukumwa ndani kwa bisibisi nyembamba huku kishikio kikitelezeshwa juu ya pete, kisha zikaachiwa. Pete kwa pete haipimiki tena, lakini kupitia bamba za kishikio nasoma 3.5 ukitoa waya za mita. Mguso mpya bado haujakaa umbo la pete, hiyo nyongeza itashuka.

Jumamosi, kuwasha

Betri imechajiwa kwa chaja usiku mzima kabla ya kurudisha altaneta garini. Altaneta ni ya kutunza betri, si ya kufufua. Ukiipa betri iliyokufa inafanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu na joto linapanda kwenye daiodi.

Swichi imewashwa: taa ya chaji inang'aa sawasawa, na bisibisi kwenye nati ya puli imevutwa kwa nguvu, hadi lazima uivute kuitoa. Injini imewaka, taa imezimika papo hapo. Sailensa volti 14.2. Taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja, 13.8. Resi 2,000 na mzigo wote, 14.1. Mlio wa kusaga haupo.

Jamaa mmoja aliyekuwa akitazama alisema tuchomoe kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka, "tuone kama inajitegemea." Nimemkatalia, na nawaomba nanyi mkatae. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka juu mno kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha kuua regyuleta, daiodi, au kompyuta ya injini. Kipimo hicho kilitokana na magari yasiyo na kompyuta. Multimita inasema yote bila kuvunja kitu.

Gharama: kaboni 4,000, beringi mbili 25,000, msasa 2,000, waya wa risasi 3,000, kijana wa matairi 2,000. Jumla Sh 36,000.

Baada ya wiki kadhaa

Nimekwenda Chalinze na kurudi usiku, mvua kuanzia Mlandizi, waipa na taa muda wote. Injini ikiwa moto volti ni 13.9, na hapo hakuna cha kuhofia: regyuleta hushusha kidogo joto likipanda. Mkanda umelegea kiasi, nimeukaza. Kaboni nimezitazama kwa kufungua kava la nyuma tu: zimeshakaa umbo la pete, zinagusa upana wote, na pete zimepata rangi ya kahawia inayong'aa bila mikwaruzo. Kilomita za leo nimeziandika kwenye daftari la gari, kava litafunguliwa tena siku ya kubadilisha mkanda. Jirani mwenye pula ana Noah inayowasha taa ya chaji kwa mbali. Multimita imeshakwenda kwake.